Mgeni Aliyekataa Kufunguliwa: Somo la Kuhamisha Programu

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nasi wanachama wa Chama cha Kiswahili tulimpokea mgeni katika muhula wa pili mwaka uliopita, lakini badala ya kupona tulizidi kuugua. Mgeni mwenyewe alikuwa tarakilishi. Ndugu msomaji, hebu keti nikusimulie, kisha nikugawie somo tulilolipia kwa kukosa usingizi.

KISA CHENYEWE

Chama chetu kilikuwa na tarakilishi moja kuukuu iliyokaa katika ofisi ya mwalimu mlezi. Ndani yake mlikuwa na programu ya kupanga kurasa, ile tunayoitumia kuandaa jarida hili. Tuliinunua kwa michango ya wanachama, shilingi kwa shilingi, na risiti yake imo katika faili ya mweka hazina. Ijumaa moja jioni umeme ulipotea, kisha ukarudi kwa kishindo. Tukasikia "pa!" na harufu ya kuungua ikatanda ofisini. Bodi kuu ya mashine ilikuwa imekwenda na maji.

Makala zote zilikuwa salama kwenye flashi, alhamdulillahi. Lakini mpiga chapa alizitaka kurasa kamili Jumatano asubuhi, bila visingizio.

Mwalimu wa kompyuta alituonea huruma, akatupa mashine moja ya maabara iliyokuwa imekaa kabatini. Tukasakinisha programu yetu kutoka kwenye diski yake. Tukadhani kazi kwisha. Kumbe ndiyo kwanza mkoko ualike maua! Programu ilitukataa mara tatu, na kila mara kwa sababu tofauti. Kabla sijazieleza sababu hizo, ni heri tuelewane kwanza kuhusu jambo moja.

LESENI NI NINI?

Wengi wetu hudhani kwamba ukinunua programu umeimiliki kama unavyomiliki kamusi. La hasha! Kamusi waweza kuisoma popote, kumwazima rafiki, hata kuiuza ukimaliza shule. Unaponunua programu, kile unachopewa hasa ni ruhusa ya kuitumia kwa masharti fulani. Ruhusa hiyo ndiyo leseni. Ni kama tikiti ya basi: inakupa kiti, haikupi basi.

Zamani ilitosha kuandika namba iliyobandikwa kwenye kasha, na programu haikuwa na njia ya kujua kama namba hiyo hiyo imeandikwa katika mashine mia. Mwaka wa 2001 kampuni ya Microsoft ilitoa Office XP na Windows XP, na zote mbili zikaja na sharti la kuamilishwa. Mtumiaji wa Windows XP alipewa siku 30 za kufanya hivyo. Kampuni nyingine nyingi nazo zina mtindo huo.

Kuamilisha hufanyika hivi. Programu huchukua alama za mashine yako, kama vile bodi kuu, diski kuu na kadi ya mtandao, ikazigeuza kuwa namba moja. Namba hiyo ni kama alama ya kidole cha tarakilishi. Kisha huituma kwa seva ya kampuni pamoja na ufunguo wako. Seva nayo hufungua daftari lake na kuuliza: ufunguo huu ni wa kweli? Umekwisha kutumika? Kwenye mashine gani? Majibu yakiridhisha, mlango hufunguliwa.

Sasa umeona tatizo la anayehamia mashine nyingine. Ufunguo ni ule ule, lakini alama ya kidole ni ngeni.

KUKATALIWA KWA KWANZA: MACHO

Ufunguo wetu ulikuwa na herufi na tarakimu 25. Katibu alinisomea, mimi nikapiga. "Ufunguo si sahihi." Tukarudia. "Ufunguo si sahihi." Mara ya tatu katibu alianza kunitazama kwa jicho la pembeni, eti mimi ndiye sijui kupiga taipu.

Mwalimu wa kompyuta alipopita aliinama juu ya kasha, akauliza, "Nani aliwaambia hii ni nane?" Kumbe ilikuwa B. Wino wa kibandiko ulikuwa umefifia upande mmoja.

Hapa pana jambo la kukumbuka. Funguo za Windows hupangwa katika mafungu matano ya herufi tano tano, na ili kupunguza makosa hazitumii O wala sifuri, hazitumii I wala moja. Kwa hivyo ukiona duara kwenye kibandiko chake, tazama vizuri: huenda ni Q au D. Lakini B na 8 zote zimo, na G na 6 pia zimo, nazo hufanana kama mapacha. Piga picha ya kibandiko kwa simu, uikuze, ndipo usome. Nawe ukinakili ufunguo kutoka kwenye barua pepe, hakikisha hukubeba nafasi tupu mwishoni.

Aidha, hakikisha toleo ulilosakinisha ndilo ufunguo wako ulilonunuliwa. Ufunguo wa Windows Home hauamilishi Windows Pro, hata ukiuandika kwa hati ya dhahabu.

KUKATALIWA KWA PILI: SAA

Tulipoweka B mahali pake, mashine ilikuja na hoja nyingine: haiwezi kuifikia seva. Mwenzetu mmoja akasema mtandao wa shule umelala kama kawaida yake. Lakini simu ya mwalimu, kwa mtandao ule ule, ilikuwa ikifungua kila kitu.

Nilikuwa nikitazama kiwambo bila kufikiri lolote nilipoiona tarehe kwenye kona ya chini. Kulingana na mashine ile, tulikuwa tarehe 1 Januari 2009! Wakati huo mimi sijajua kutembea.

Kwa nini tarehe iwe na uzito hivyo? Kwa sababu kabla ya kusemezana seva huionyesha tarakilishi cheti, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Mashine inayoamini kuwa ni 2009 hukiona cheti cha leo kama kitu kisichozaliwa bado, ikakataa kuzungumza. Ndiyo maana tatizo la saa hujivika kanzu ya tatizo la mtandao.

Chanzo chake mara nyingi ni betri ndogo iliyo juu ya bodi kuu, mviringo kama sarafu. Katika mashine nyingi za mezani huwa ni ile iitwayo CR2032, yenye volti 3. Ndiyo huitunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ikifa, kila ukichomoa waya wa umeme mashine husahau tarehe. Sisi tuliirekebisha tarehe kwa mkono, na baadaye mwalimu akabadilisha betri. Mashine ikaifikia seva mara moja.

KUKATALIWA KWA TATU: HESABU

Furaha yetu haikudumu. Seva ilijibu, na jibu lake lilikuwa hili: leseni hii imekwisha kutumiwa na idadi ya tarakilishi inayoruhusiwa. Idadi yenyewe ilikuwa moja. Katika daftari la seva, mashine yetu iliyoungua ilikuwa bado hai na imekalia kiti. Seva haihudhurii matanga. Asipoiambia mtu kwamba mashine imekufa, itajuaje?

Njia nyepesi ingekuwa kuiwasha mashine ya zamani, kufungua programu, na kuchagua kuiondolea leseni kabla ya kuhama. Programu nyingi zina nafasi hiyo katika menyu ya msaada au ya akaunti. Lakini yetu ilikuwa haiwaki hata ukiibembeleza.

Ilikuwa Jumatatu jioni. Mwenzetu wa kidato cha tatu, ambaye simtaji, alitoa flashi mfukoni akasema, "Mnajisumbua bure jameni. Hapa nina kivunja kufuli. Dakika mbili tu, programu inafunguka, na hakuna wa kujua."

Kusema kweli tupu, nilinyoosha mkono.

Mwalimu mlezi alikuwa akisahihisha insha pembeni. Hakuinua hata kichwa. "Ukurasa wa tisa wa jarida una makala gani?" akauliza.

Nilinyamaza. Ukurasa wa tisa ulikuwa na makala yangu mwenyewe, ya kukashifu wizi wa mitihani.

"Lakini mwalimu," akajitetea mwenye flashi, "sisi si tulilipa?"

"Mlilipa," mwalimu akasema. "Basi daini haki yenu kupitia mlangoni. Aliyelipa karo haruki ua kuingia shule."

Mkono wangu ukarudi mfukoni. Baadaye nilitafuta kujua zaidi. Katika Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, programu za kompyuta zimewekwa katika kundi la kazi za fasihi. Naam, kundi moja na riwaya na diwani tunazozihangaikia darasani! Anayeiba programu na anayechapisha riwaya ya mwenziwe bila idhini wamekalia benchi moja.

Tena kuna hatari nyingine. Vivunja kufuli vingi hukuagiza kwanza uzime kinga ya virusi. Ni mgeni gani mwema anayekuomba umfunge mbwa kabla hajabisha hodi? Makala za wanachama wote zilikuwa kwenye mashine ile. Tungeweza kupoteza jarida zima kwa tamaa ya dakika mbili.

MLANGO ULIVYOFUNGUKA

Mwalimu wa kompyuta alituuliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: "Programu hii iliponunuliwa, akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya nani?"

Tukaitafuta risiti. Barua pepe ilikuwa ya katibu wa zamani, dada yetu mmoja aliyemaliza kidato cha nne miaka miwili kabla. Hapo ndipo tulipoona kwamba mali ya chama ilikuwa imeandikishwa kwa jina la mtu. Bahati nzuri mdogo wake yumo kidato cha pili. Tukapata namba ya simu, mwalimu akapiga. Dada alikuwa chuoni, na alicheka tulipomweleza shida yetu. Kampuni ilimtumia tarakimu sita za uthibitisho kwa barua pepe, naye akamsomea mwalimu polepole.

Tulipoingia kwenye akaunti, tuliiona mashine yetu marehemu imeorodheshwa kwa jina lake. Tukabonyeza kuiondoa. Tukarudi kwenye mashine mpya, tukajaribu tena. Safari hii ilifunguka bila neno. Vifijo tulivyopiga vilimleta bawabu na tochi!

Kabla ya kulala tulifanya jambo moja zaidi: tukabadilisha barua pepe ya akaunti iwe ya chama. Jumanne tulishinda tukipanga kurasa, na Jumatano asubuhi mpiga chapa akapata alichotaka.

AINA ZA LESENI

Si kila leseni huruhusiwa kuhama. Kabla hujaanza kuhangaika, jua unayo ipi.

1. Leseni iliyokuja na mashine. Windows uliyoikuta tayari ndani ya tarakilishi mpya dukani kwa kawaida hufungwa kwa mashine hiyo. Mashine ikifa, nayo imezikwa pamoja nayo.

2. Leseni ya rejareja, iliyonunuliwa peke yake. Hii kwa kawaida yaweza kuhama, lakini haiwezi kukaa mashine mbili kwa wakati mmoja.

3. Leseni ya taasisi. Shule au ofisi hununua kwa wingi. Njia moja ya Microsoft huitwa KMS: seva iliyo ndani ya taasisi ndiyo huamilisha mashine. Huhitaji tarakilishi zisizopungua 25 ndipo ianze kuamilisha Windows za kawaida, na kila uamilishaji hudumu siku 180. Mashine hujaribu kuufanya upya kila baada ya siku 7. Ukiichukua mashine kama hiyo ukaihamishia mahali isipoiona seva yake, siku 180 zikipita itaanza kulalamika. Njia nyingine huitwa MAK, ambapo ufunguo mmoja una idadi maalum ya uamilishaji.

4. Leseni ya akaunti, inayolipiwa kwa mwezi au mwaka. Hapa kinachotambuliwa ni jina lako. Kwa mfano, leseni ya mtu binafsi ya Adobe Creative Cloud huamilishwa kwenye tarakilishi mbili. Ukitaka ya tatu, toka kwanza kwenye mojawapo.

NAMBA ZA MAKOSA

Windows ikikataa hukupa namba. Usiipuuze, iandike daftarini. Nne zinazomkuta sana anayehama ni hizi:

0xC004F050 – ufunguo ulioandika si sahihi. Rudi kwenye kibandiko.

0xC004C008 – ufunguo umekwisha kutumika kwenye mashine nyingine, au umezidi idadi.

0xC004F211 – mashine imebadilika viungo, kwa mfano bodi kuu mpya.

0xC004F074 – seva ya KMS haikufikiwa. Kagua mtandao wa taasisi, kisha kagua saa, kwa maana tofauti ya zaidi ya saa nne kati ya mashine na seva hiyo huleta kukataliwa.

Kwa anayetumia Windows, fungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi. Ukiandika slmgr /dli utaonyeshwa aina ya leseni uliyo nayo. Ukiandika slmgr /xpr utaambiwa kama uamilishaji ni wa kudumu au una mwisho. Kwenye mashine unayoiacha, slmgr /upk huondoa ufunguo ili isiendelee kuutumia.

HATUA ZA KUFUATA

Usirukeruke kama panzi. Anza na jambo rahisi:

Kwanza, soma ujumbe wote ulioandikwa kwenye kiwambo. Usibonyeze "Sawa" kabla ya kuelewa.

Pili, kagua tarehe, saa na majira ya mahali.

Tatu, kagua kama mtandao unafanya kazi kwenye mashine hiyo hiyo, si kwenye simu tu.

Nne, soma upya ufunguo, na uhakikishe toleo ni lile lile.

Tano, iondoe leseni kwenye mashine ya zamani. Ikiwa imekufa, iondoe kupitia akaunti. Kwa Windows 10 tangu toleo la 2016, na pia Windows 11, leseni inayoweza kuhama ikiunganishwa mapema na akaunti ya Microsoft, kitatuzi cha uamilishaji kilicho katika mipangilio huweza kukusaidia baada ya kubadilisha bodi kuu.

Sita, kama yote yameshindikana, mwandikie muuzaji. Mtumie risiti, namba ya kosa, na maelezo mafupi ya kilichotokea. Usimtumie matusi, hayajawahi kuamilisha kitu.

KAMA HUNA PESA

Najua wapo watakaouliza, "Na sisi tusio na uwezo wa kununua, tukavunje kufuli?" Hapana. Zipo programu huru zisizodai ufunguo wowote. LibreOffice, iliyozaliwa 2010, huandika barua, hupiga hesabu na kutengeneza maonyesho. Waweza kuisakinisha kwenye mashine moja au mia, na kuhama nayo upendavyo. Upo pia mfumo wa Ubuntu, uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, kwa mradi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake si geni kwetu: ubuntu katika Kizulu na Kixhosa ni nduguye utu katika Kiswahili.

MSAMIATI

Kuamilisha: kuithibitisha programu kwa mwenyewe ili ifanye kazi kikamilifu.
Kusakinisha: kuiweka programu ndani ya tarakilishi.
Seva: tarakilishi inayohudumia tarakilishi nyingine.
Kiwambo: uso wa tarakilishi tunaousoma.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini betri ndogo yaweza kuzuia programu isiamilishwe.
2. Kuna tofauti gani kati ya leseni iliyokuja na mashine na leseni ya rejareja?
3. Tarakilishi ya shule yenye uamilishaji wa KMS imehamishiwa mahali pasipofika mtandao wa shule. Itafanya kazi bila lawama kwa siku ngapi?
4. "Aliyelipa karo haruki ua kuingia shule." Jadili kauli hii kwa kurejelea kisa ulichosoma.

Wasomaji wapendwa, wino unaniishia. Viongozi wa vyama vingine hapa shuleni, nawasihi jambo moja tu: nendeni leo mkatazame mali za chama chenu zimeandikishwa kwa barua pepe ya nani. Sisi tulikuwa na bahati kwamba dada yetu alipokea simu.